Fundi Aliyefanya Breki Peke Yake

Katika miaka kumi na moja niliyokaa jirani naye, ile ya mwanzo nilimjua zaidi kwa miguu. Ukifika kwenye kibanda chake pale Mitwero, kando ya barabara ya kuingia Lindi mjini, unakuta miguu miwili imetokeza chini ya gari, imevaa kandambili zisizofanana, moja ya bluu na moja ya kijani, na sauti inaongea yenyewe huko chini. Ukisalimia, miguu haijibu. Ukirudia, haijibu. Ukigonga bodi ya gari kwa kiganja, miguu inashtuka, inajivuta, na mzee mmoja mwembamba anatokea na kofia yake ya kushonwa kwa mkono iliyokwisha kuwa nyeusi kwa grisi. Anakutazama usoni kwa makini kama askari wa barabarani anayekagua leseni, halafu anasema, "Marahaba." Alikuwa akiitikia hata kama aliyesimama mbele yake ni mkubwa wake kwa miaka kumi na amekuja kuuliza njia.

Tulimwita Fundi, basi. Mafundi ni wengi Lindi, lakini ukisema unalipeleka gari kwa Fundi, kila mtu wa upande wetu alijua ni nani, na alijua pia kwamba leo hutarudi nalo. Alishughulika na breki peke yake. Ukimpelekea gari linalotoa moshi, atakusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha atakwambia breki zako za nyuma zimekwisha. Na kweli zimekwisha. Moshi utajua mwenyewe pa kuupeleka.

Kazi hiyo, kama hujawahi kuiangalia, ni ya watu wawili. Mafuta ya breki yanapita kwenye paipu nyembamba za chuma kutoka kwenye pedali mpaka kila gurudumu. Upepo ukiingia humo, breki inakuwa laini, unakanyaga na gari linaendelea na safari zake. Kuutoa, mmoja hukaa kwenye usukani, akanyage na kushikilia, na mwingine yuko chini, anafungua kinundu kidogo nyuma ya gurudumu, upepo unatoka na mafuta, anafunga, anapaza sauti mwenzake aachie. Kanyaga, shikilia, achia. Kila gereji ninayoijua ina makelele hayo. Kwa Fundi kulikuwa kimya, kwa sababu hakutaka mtu akanyage. Uwe na mguu mzima, uwe huna shughuli, umekaa hapo kwenye benchi unakula karanga zako, hakutaki. Mimi mwenyewe nilijitolea mara tatu, na kanga yangu kiunoni. Mara zote aliniambia nikae nipumzike, walimu tunasimama sana.

Badala ya mtu alikuwa na vitu. Cha kwanza ni kipande cha mti wa mwarobaini, urefu wa mkono, kimechongwa ncha moja ikae kwenye pedali na nyingine ikae kwenye kiti. Hicho kilikandamiza pedali kidogo tu, ili akifungua paipu mafuta yasimwagike yote chini. Cha pili ni chupa ya maji ya plastiki, imetobolewa kifuniko na kupitishwa mpira mwembamba. Mpira huo aliuchomeka kwenye kinundu cha gurudumu, na ncha yake ya pili aliizamisha kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Kwa hiyo upepo ukitoka unatoka kwa mapovu, na pedali ikirudi juu inavuta mafuta, haivuti hewa. Cha tatu ni kioo. Alikiegemeza kwenye tofali, mlango wa gari ukiwa wazi, ili yeye akiwa kwenye usukani anakanyaga polepole aione chupa iliyo gurudumu la nyuma. Akiona mapovu anaendelea, yakikoma anateremka, anafunga, anahamia gurudumu jingine. Alianza na lililo mbali zaidi na pedali na kumalizia la karibu, na ukimwuliza sababu atakueleza mpaka adhana ikukute hapo.

Kioo hicho kilikuwa cha kabati la mkewe. Mkewe alikuwa akipita pale mchana na chakula, anakitazama kioo, anamtazama mumewe, anaweka bakuli, anaondoka. Aliniambia siku moja kwamba yeye ndiye mwanamke pekee wa Mitwero anayekwenda kujitanda kanga gereji.

Kulikuwa na kifaa kimoja tu cha dukani, cha kupanulia mdomo wa paipu ya breki ili nati ikikazwa isivuje. Hicho alikiagiza Dar es Salaam, na alikifunga ndani ya kipande cha kanga, na kanga ndani ya mfuko, na mfuko ndani ya kopo la maziwa. Kukitoa ilikuwa ibada. Paipu yenyewe aliikunja kwa kuizungushia chupa ya soda, taratibu, isije ikabonyea, huku ametoa ncha ya ulimi kama watoto wangu wa darasa la pili wanapoandika herufi kubwa.

Wateja wake wengi walikuwa wenye magari ya samaki. Samaki wanapakiwa na barafu, barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanatiririka chini ya bodi njia nzima, na paipu za breki zinaliwa na kutu kimyakimya. Fundi aliichukia barafu kama mtu anavyomchukia jirani mbaya. Alisema gari lisilo na injini linakaa kwenu tu, halimsumbui mtu, na gari lisilo na breki ndilo litakalokwenda kusalimia watu lisiowajua. Maneno hayo alimwambia kila mteja, kwa mpangilio uleule, na walioyasikia mara nyingi walikuwa wakiyamalizia kwa kuchezesha midomo nyuma yake.

Sasa mtu huyu, aliyejua breki kuliko mtu yeyote wa ukanda wetu, alikuwa na baiskeli isiyo na breki hata moja. Ninasema ukweli mtupu. Waya zilikatika zamani, akaziondoa kabisa kwa kuwa zinakwaruza. Akitaka kusimama alishusha mguu wenye kandambili ya bluu akauburuza ardhini mita kumi, vumbi likimfuata, na mara mbili nilimwona akisimamishwa na ua wa makuti wa nyumba ya jirani. Nilimwuliza anaonaje kuzirekebisha. Alinijibu kwamba baiskeli inakwenda taratibu. Gari hakuliendesha nje ya uwanja wake. Alilijaribu mbele hatua kumi, nyuma hatua kumi, akakukabidhi ufunguo. Na kupanda gari la mtu mwingine hakupenda kabisa, kwa maelezo kwamba anayajua yalivyo chini.

Kuhusu muda, alikuwa mwongo. Sitafuti neno la heshima zaidi. "Nusu saa" ilikuwa mpaka baada ya alasiri. "Jioni" ilikuwa kesho, na "kesho" ilitegemea. Majibu yake mengine yalikuwa ya ajabu zaidi. Mtu anamwuliza gari litakwisha lini, yeye anajibu, "La nyuma kushoto." Mtu anamwuliza bei, anajibu kwamba wote wazima, wanakusalimu. Watu walicheka, wakasema mzee ana mafumbo, na wengine waliondoka wanayatafakari. Bwana mmoja mwenye duka alinieleza kwa dakika nzima maana ya lile jibu la nyuma kushoto. Wengine, waliomsalimu kutoka nyuma yake asiitikie, walisema anajivuna.

Siku aliyonivunjia utani nikamheshimu ilikuwa ya harusi. Familia moja ya hapo Mitwero ilikuwa inakwenda Somanga kumchukua bibi harusi, na gari walilolitegemea, pikapu yenye turubai, ililetwa kwa Fundi asubuhi ikaangaliwe kidogo tu. Ndugu wa bwana harusi walikuja wamevaa kanzu tayari. Fundi akaingia chini, akakaa, akatoka, akasema gari haliendi. Walimwambia awafungie tu hivyohivyo, watakwenda pole, wataitengeneza wakirudi. Hakubishana. Alifungua gurudumu moja, akalibingirisha mpaka kivulini, akalilaza chini, akakaa juu yake na bakuli lake la uji.

Shangazi wa bwana harusi ndiye aliyepelekwa kumsemesha, na alimsemesha. Alianza na heshima, akaenda kwenye aibu ya kuwangojesha wakwe, akafika kwenye tabia za wazee wasiopenda wenzao wafurahi. Fundi alimtazama mdomoni muda wote, anatikisa kichwa kwa huruma, anakunywa uji. Yule mama alipochoka, Fundi aliinuka, akachukua kile kipande cha paipu alichokitoa, akampa baba wa bwana harusi mkononi. Akamwambia akikunje. Yule mzee alikishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kalamu, na kabla hajakaza kilivunjika, kikamwaga unga mwekundu wa kutu juu ya kanzu nyeupe.

Walikaa kwenye mikeka ya kuazima mpaka paipu mpya ikakatwa, ikakunjwa kwenye chupa, ikafungwa, upepo ukatolewa. Kwa mara ya kwanza nusu saa yake ilichukua muda wa saa tatu tu. Ndoa iliyopangwa adhuhuri ilifungwa baada ya alasiri, na wale wakwe wa Somanga walinuna mpaka walipoonyeshwa ile kanzu. Shangazi yule sasa hulipeleka kwake hata gari la mwenzake. Bado hamsalimii vizuri, lakini hulipeleka.

Mimi nilichelewa kuelewa, na ilinitia haya kwa sababu ni kazi yangu. Mwaka ule nilikuwa na mtoto darasani, msichana mpole wa kukaa nyuma, aliyekuwa akijibu maswali ambayo sikuyauliza. Nilimwuliza saba na mbili ni ngapi, akaniambia mama yake amekwenda shamba. Wenzake wakacheka, na mimi karibu nicheke. Halafu nikaona jinsi anavyoutazama mdomo wangu, na kwamba nikigeukia ubao anapotea kabisa. Nilimhamishia mbele, nikawaita wazazi, akapelekwa hospitali, masikio. Siku hiyohiyo nikirudi nyumbani nilipita kwa Fundi. Alikuwa amenipa mgongo, anapiga tupa kwenye nati. Nilisema kwa sauti ya kawaida, "Fundi, kibanda chako kinaungua." Akaendelea kupiga tupa.

Nilizunguka mbele yake. Akainua macho, akanitazama mdomo, akasema marahaba.

Sikumwambia mtu, wala sikumwambia yeye kwamba nimejua. Nilianza tu kusimama mbele yake kabla ya kusema, na kusema taratibu. Yeye naye, sijui aligundua lini, alianza kuniwekea kigoda mahali pamoja, upande wa mwanga, nikikaa anione uso vizuri. Tulikaa hivyo miaka minne bila kulitaja.

Mwaka jana, wiki moja baada ya Idi, alikuja nyumbani kwangu kwa miguu, amevaa shati safi. Kofia ilikuwa nyingine, nyeupe. Nilidhani kuna msiba. Alikataa chai. Aliniomba nimpeleke Kiswere kwa gari langu, akamwone shemeji yake, kaka wa mkewe. Alisema mkewe amekwenda huko mara nyingi kwa basi lakini yeye hajafika tangu mtu huyo ahamie. Nilimwuliza kuna nini. Akaangalia mikono yake, akanieleza yote, kwa sauti ya juu kidogo kama kawaida yake, hivi kwamba nadhani na majirani walieleweshwa.

Zamani alikuwa na wa kukanyaga. Alikuwa shemeji huyo. Walifanya kazi pamoja na walipendana. Siku moja kulikuwa na gari la mchuuzi wa samaki, mwenyewe amesimama pembeni ana haraka, mzigo unaharibika. Fundi alikuwa chini, shemeji kwenye pedali. Wakafika gurudumu la mwisho. Fundi akauliza kama imekaza. Juu kukasemwa kitu.

"Nilisikia sauti, Mwalimu, sikusikia neno," aliniambia. "Nikaona aibu kuuliza tena. Nikajua ni 'tayari,' maana siku zote ni 'tayari.' Nikafunga."

Mchuuzi aliondoka. Kwenye mteremko wa kuingia mjini pedali ilizama mpaka sakafuni. Alikuwa na akili ya kulielekeza gari kwenye rundo la mchanga wa mtu aliyekuwa akijenga. Hakufa, ila mkono ulivunjika sehemu mbili na haukunyooka tena. Jioni watu walijaa kibandani wanataka kujua. Fundi akasimama mbele yao akasema shemeji yake aliachia pedali mapema. Shemeji alikuwepo, alisikia, hakutia neno. Mwezi haukuisha akahamia Kiswere, akaanza kulima ufuta, na tangu siku hiyo hakuna aliyempa kazi ya kushika hata spana.

"Kosa lilikuwa sikio langu," Fundi alisema. "Nimelikalia miaka yote hii. Sasa hata hili la kushoto linakwenda. Nataka nikaseme wakati ningali nasikia nitakachojibiwa."

Tulikwenda Jumamosi. Niseme tu kwamba sijawahi kubeba abiria mbaya kama yule. Kila mteremko alikuwa akikandamiza sakafu kwa miguu yote miwili. Kila gari la samaki tulilopishana nalo aligeuza shingo kulitazama chini. Tulisimama mara mbili akakague magurudumu yangu ya nyuma, breki alizozifunga mwenyewe mwezi mmoja nyuma, na mara zote mbili alirudi hana la kusema. Baada ya hapo nikaona kwamba lile alilokuwa akiliogopa halikuwa barabara.

Shemeji yake tulimkuta uani anapepeta ufuta. Ni mtu mnene, mcheshi, mwenye mvi kuliko mwenzake. Alipotuona aliweka ungo chini, akampa Fundi mkono wa mikono miwili, akaulizia afya ya dada yake, akaagiza chai. Walizungumza habari za mvua. Fundi aliitikia zote, nusu yake mahali pasipostahili. Chai ikaja na mihogo. Nilitaka kuondoka niwaache, lakini Fundi alinishika kanga kama mtoto, nikabaki.

Akasema. Hakuzunguka. Alisema siku ile sikusikia ulichosema, shemeji, masikio yalikuwa yameanza kuniacha na nilikuwa naficha, nikakutupia wewe mbele za watu. Yule mchuuzi nimekwenda kwake juzi nimemwambia. Kibandani nitawaambia wote. Nimeanza na huyo aliyeumia, sasa nimekuja kwako. Aliyasema huku akiutazama mkeka, na alipomaliza hakuinua kichwa.

Shemeji mtu alikuwa anamimina chai kikombe cha pili. Hakusimamisha mkono. Akasema polepole, karibu kama anaongea na birika, "Nilijua. Nilikuita mara tatu subiri, pedali bado laini. Nikakuona miguu inatoka. Nikajua hukusikia. Nikateremka nikwambie, mchuuzi akarukia usukani akaondoka." Akaweka birika chini. "Ningesema pale kwamba fundi hasikii, nani angekuletea gari tena? Na dada yangu angekula nini? Nikaona heri mimi, mimi sina watoto."

Mimi nilisikia kila neno. Fundi alikuwa bado ameinamia mkeka, anasubiri kujibiwa.

Yule bwana alinitazama. Nikagusa sikio langu. Akaelewa. Aliinuka kwa taabu na mwili wake, akakisogeza kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana, akamwinua Fundi kidevu kwa vidole vyake vyenye punje za ufuta, akayarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti iliyowatoa kuku jikoni. Fundi alimtazama mdomo mpaka neno la mwisho. Macho yalimjaa, na hakuyafuta.

"Kumbe ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Miaka yote hii. Mbona hukuniambia?"

Shemeji yake akachukua kipande cha muhogo, akakikata, akampa nusu.

"Ungesikia?" alisema.